Sura ya Tano: Ruzuku ya Pembejeo, Kutoka Hazina Hadi Shambani

Ruzuku ya pembejeo ni fedha inayolipwa na serikali ili mbolea au mbegu imfikie mkulima kwa bei iliyo chini ya bei ya soko. Tanzania imeitoa, imeiondoa na kuirudisha zaidi ya mara moja tangu miaka ya 1970, na kila mara macho yameelekezwa zaidi Nyanda za Juu Kusini, kwenye mahindi ya Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Ruvuma na Rukwa. Mvua ya huko ni ya kuaminika kuliko sehemu nyingi za nchi, na mbegu chotara huitikia mbolea vizuri. Ekari moja iliyopandwa chotara, ikapata mbolea ya kupandia na ya kukuzia kwa wakati wake, inaweza kutoa magunia ishirini. Ekari ya jirani iliyoachwa bila kitu huenda isifikishe hata kumi. Tofauti hiyo ya magunia ndiyo hoja kuu ya kila serikali iliyowahi kutenga fedha kwa ajili ya mbolea.

Mifumo ya ruzuku hutofautiana kwanza kwa njia ambayo fedha hupitia. Nchini Marekani, ambako malipo kwa mashamba yalianza rasmi kwa sheria ya kilimo ya mwaka 1933, ofisi za wizara ya kilimo zilizoko wilayani hutunza kumbukumbu za ekari za kila shamba. Malipo ya mazao makuu kama mahindi, ngano na pamba hufuata ekari hizo zilizoandikwa zamani, hata kama mwenye shamba mwaka huu amepanda kitu kingine. Fedha huingia kwenye akaunti yake, na mwenye ardhi kubwa hupata kikubwa. Tanzania ilichagua njia nyingine. Huku mkulima hashiki fedha ya ruzuku hata siku moja. Hulipwa mwagizaji wa mbolea au wakala wa pembejeo, na kinachomfikia mkulima ni punguzo la bei dukani. Kwa hiyo anayetaka kujua nani amenufaika hawezi kuishia kwenye vitabu vya Hazina. Lazima aifuate orodha ya majina, karatasi inayosafiri na orodha hiyo, na mfuko wenyewe wa kilo 50.

Ruzuku ya kwanza haikuwa na orodha wala karatasi. Katika miaka ya 1970 serikali ilipanga bei moja nchi nzima: mkulima wa Sumbawanga alinunua mfuko wa mbolea kwa bei ile ile ya mkulima wa karibu na Dar es Salaam, na mahindi yake yalinunuliwa na Shirika la Taifa la Usagishaji kwa bei ile ile. Gharama ya usafiri, ambayo kwa kawaida humwadhibu anayeishi mbali, ilibebwa na taifa. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilijengwa katika kipindi hicho. Matokeo yalionekana: Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, mikoa iliyokuwa pembeni ya biashara ya nafaka, ikawa ghala la nchi na kuitwa mikoa minne mikubwa. Lakini gharama zilizidi uwezo wa mashirika ya umma, ambayo yalizama katika madeni. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, bei moja iliachwa na ruzuku ikapunguzwa hatua kwa hatua, hadi kufikia katikati ya miaka ya 1990 ikawa imefutwa. Aliyeumia zaidi ni mkulima wa mwisho wa barabara. Mbolea ilimfikia ikiwa imebeba nauli yote kutoka bandarini, na mahindi yake yakaanza safari ya kurudi yakiwa na nauli hiyo hiyo.

Msimu wa 2003/2004 serikali ilirudi kwa tahadhari, ikalipia sehemu ya usafirishaji wa mbolea kwenda mikoa ya mbali. Udhaifu wa njia hii ulikuwa kwamba haionekani. Mfanyabiashara analipwa kwa tani alizosafirisha, ilhali mkulima anayeingia dukani hana namna ya kujua kama bei anayotajiwa imepunguzwa au la. Malalamiko kwamba punguzo linaishia njiani yalikuwa mengi, na yalikuwa na msingi: hakukuwa na kitu chochote mkononi mwa mkulima cha kudai haki yake.

Vocha ilikusudiwa kuwa kitu hicho. Mwaka 2008, bei za chakula, mafuta na mbolea zilipopanda kwa pamoja duniani, Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa vocha za pembejeo, na mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikauongezea mkopo wa dola milioni 160. Malawi ilikuwa imetangulia kwa mpango wake wa msimu wa 2005/2006, na mavuno makubwa yaliyofuata huko yalizivutia serikali nyingi za Afrika. Mpango wa Tanzania ulilenga zaidi ya kaya milioni mbili, kila kaya kwa misimu mitatu tu. Wazo lilikuwa kwamba misimu mitatu inamtosha mkulima kuona faida, kuweka akiba na kuanza kununua mwenyewe kwa bei kamili.

Kila kaya ilistahili vocha tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 kwa ajili ya kukuzia. Ya pili ilikuwa ya mbolea ya kupandia: mfuko mmoja wa DAP, au mifuko miwili ya mbolea ya fosfeti ya Minjingu kutoka Manyara. Ya tatu ilikuwa ya mbegu, kilo 10 za mahindi au kilo 16 za mpunga. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei, na nusu iliyobaki aliilipa mkulima taslimu kwa wakala. Vipimo hivyo vilipangwa kwa ekari moja, na hesabu yake inaweza kufuatwa shimo kwa shimo. Mashimo yakichimbwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari huwa na mashimo yapatayo 9,000. Gramu 50,000 za DAP zikigawanywa kwa mashimo hayo, kila moja hupata gramu tano na ushei, kiasi ambacho kizibo cha soda hukipima bila mizani. Ndiyo maana maofisa ugani hufundisha kizibo kimoja kwa shimo, mbolea ifukiwe kidogo kwanza, kisha mbegu juu yake ili isiungue. Mahindi yakifika magotini ndipo urea huingia, nayo hufukiwa pia, kwa sababu ikiachwa juu ya udongo wakati wa jua sehemu yake hupotea hewani. Mfuko wa urea una asilimia 46 ya nitrojeni, yaani kilo 23, na DAP huongeza kilo tisa. Kilo 32 za nitrojeni kwa ekari si kiwango cha mkulima mkubwa, lakini kwa shamba ambalo halijawahi kuona mbolea ni mabadiliko makubwa.

Majina yaliandikwa kijijini. Mgao ulishuka kutoka taifa hadi mkoa, wilaya, kata na hatimaye kijiji, na huko mkutano mkuu ulichagua kamati ya vocha yenye wanawake watatu na wanaume watatu. Kamati ilipendekeza majina, mkutano ukayapitisha. Vigezo vilikuwa wazi: mkulima awe mkazi wa kijiji, alime mahindi au mpunga usiozidi hekta moja, awe tayari kulipa sehemu yake, na kipaumbele kiende kwa kaya zinazoongozwa na wanawake na kwa wale ambao hawakuwa wametumia mbolea miaka ya karibuni. Aliyepata vocha aliipeleka kwa wakala, akaongeza fedha, akasaini au kuweka dole gumba, akaondoka na mfuko. Wakala alizikusanya vocha, zikathibitishwa na viongozi, kisha akalipwa kupitia benki ya NMB.

Katika karatasi, utaratibu huu ni mzuri. Unawaamini wanakijiji kujua nani ni nani, jambo ambalo ofisa wa Dodoma hawezi kulijua. Lakini vigezo vyake viwili vilivutana tangu siku ya kwanza. Kimoja kilimtafuta mkulima maskini ambaye hajawahi kununua mbolea. Kingine kilimtaka awe na nusu ya bei ya mifuko miwili na mbegu mwezi Novemba, wakati ambapo kaya maskini imemaliza fedha ya mavuno na mara nyingine imeanza kununua unga. Kamati iliyokuwa na ari ya kutekeleza mpango, isiyotaka vocha zirudi wilayani bila kutumika, ilikuwa na sababu nzuri ya kuwaruka maskini na kuandika wenye uwezo wa kulipa. Na wenye uwezo wa kulipa, katika vijiji vingi, ndio hao hao wenye nafasi za uongozi.

Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walilichunguza jambo hili mkoani Kilimanjaro na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Waligundua kwamba takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwa kaya zenye viongozi wa kuchaguliwa wa kijiji. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na vile vyenye pengo kubwa kati ya walionacho na wasionacho, yaani mahali ambapo ruzuku ilihitajika kuliko kwingine. Hatari ya matokeo haya ni kwamba hayahitaji jambazi yeyote ili yatokee. Kiongozi wa kitongoji anayejiandikia vocha anaweza kusema, na asiseme uongo, kwamba yeye ni mkazi, analima chini ya hekta moja na yuko tayari kulipa. Lakini kama angenunua mbolea hata bila vocha, basi serikali imelipia mfuko ambao ungenunuliwa vyovyote, na mjane aliyekusudiwa ameendelea kupanda mbegu za ghalani.

Wapo waliopata vocha wakashindwa kuzitumia. Mkulima asiye na fedha ya kuongezea alikuwa na karatasi yenye thamani kwa mtu mwingine, na wakati mwingine aliiuza kwa wakala kwa fedha kidogo. Wakala asiye mwaminifu aliipeleka benki kama vocha halali. Hazina ikalipa, mfuko ukabaki dukani, na katika takwimu ekari moja ikahesabiwa kuwa imepata mbolea. Sehemu nyingine vocha zilifika mvua ikiwa imeshanyesha na mahindi yameshaota. Vocha ya mbolea ya kupandia inayofika baada ya kupanda haina kazi msimu huo, na mkulima aliyesubiri bila kupanda alipoteza zaidi ya aliyepuuza ruzuku. Minjingu nayo ilileta mvutano wake. Fosfeti hiyo huyeyuka polepole, na hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali. Wakulima wengi waliozoea kuona DAP ikiamsha mahindi ndani ya wiki chache waliiona kama vumbi, wakailalamikia, na baadhi wakaiacha. Maelezo ya kitaalamu yangeweza kusaidia, lakini mfuko ulikuwa ukitangulia kufika kabla ya ofisa ugani.

Misimu ya mwisho ya vocha iliacha deni. Mawakala walikuwa wametoa mifuko kwa mkopo wa ahadi ya serikali, na malipo yakachelewa kwa miaka. Serikali iliamua kuhakiki kwanza, na uhakiki ukakuta madai ya kweli yamechanganyika na ya kughushi. Waaminifu walisubiri pamoja na wadanganyifu, wengine wakiwa wamekopa benki kwa dhamana ya nyumba zao. Suala hilo lilirudi bungeni mara kwa mara. Kwa mtandao wa maduka madogo ya vijijini, ambao mpango wenyewe ulikuwa umesaidia kuujenga kwa kuwafundisha mawakala biashara na matumizi salama ya pembejeo, hilo lilikuwa pigo kubwa. Duka likifungwa katani, mkulima hupanda gari kwenda mjini kufuata mfuko mmoja, na nauli yake hula punguzo lolote.

Kati ya vocha na ruzuku iliyofuata kulikuwa na kipindi kifupi cha kudhibiti bei bila kuilipia. Mwaka 2017 Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, ilianza kusimamia uagizaji wa pamoja wa DAP na urea, na kutangaza bei elekezi kulingana na umbali wa kila eneo kutoka bandarini. Mfumo huo ulifanya kazi bei ya dunia ilipokuwa tulivu. Kuanzia mwaka 2021 haikuwa tulivu tena. Gesi asilia, ambayo ndiyo malighafi ya urea, ilipanda bei, usafiri wa meli ukapanda, na vita vya Urusi na Ukraine vya mwaka 2022 vikaathiri wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Mfuko wa DAP au urea ukavuka shilingi 120,000.

Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya ya shilingi bilioni 150, na mfuko huo ukauzwa shilingi 70,000. Safari hii hakukuwa na vocha ya karatasi wala kamati ya kuchuja. Mkulima yeyote, wa zao lolote, aliweza kujiandikisha katika ofisi ya kijiji kwa jina lake, namba ya simu na ukubwa wa shamba. Alipewa namba ya utambulisho, akaitaja kwa wakala, na mfumo wa kidijitali ukaonyesha kiasi anachostahili. Mfuko nao ulibeba alama inayosomwa kwa simu, ili malipo ya serikali yafuate mfuko uliouzwa kweli.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa foleni. Mawakala waliosajiliwa walikuwa wachache na wengi wao walikuwa mijini, mtandao wa simu ulikatika, na wakulima walilala nje ya maduka wakisubiri zamu. Hatua kwa hatua vyama vya ushirika vya msingi viliingizwa katika usambazaji ili kuleta mbolea karibu. Matumizi yaliongezeka haraka: kutoka tani zipatazo 360,000 msimu wa 2021/2022 hadi zaidi ya tani 800,000 msimu wa 2023/2024. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na bei ya dunia iliyoanza kushuka tena, kwa hiyo si haki kuihesabia ruzuku peke yake. Hata hivyo ni ongezeko ambalo nchi haikuwa imeliona, na msimu wa 2024/2025 mbegu za mahindi nazo zikaingizwa katika mpango.

Kuondoa kamati kuliondoa upendeleo wa kamati. Mjane hahitaji tena kupitishwa na mtu yeyote ili aandikwe. Lakini mfumo ulio wazi kwa wote humgawia kila mtu kadiri ya ekari alizoandikisha, na hapo Tanzania imesogea karibu na Marekani bila kukusudia: mwenye ekari hamsini hupata punguzo mara hamsini ya mwenye ekari moja. Tena ukubwa wa shamba hutegemea sana maneno ya mkulima mwenyewe na uhakiki wa mtendaji wa kijiji, ambaye hana muda wala vifaa vya kupima kila kiunga. Anayetaja ekari nyingi kuliko alizonazo hupata mifuko ya kuuza, na kwa wilaya za mpakani, Malawi na Zambia si mbali.

Majirani wanakabili maswali hayo hayo kwa njia zao. Malawi, katika baadhi ya miaka, ilitumia zaidi ya nusu ya bajeti ya wizara yake ya kilimo kwa ruzuku ya mbolea, na kilichobaki hakikutosha utafiti, umwagiliaji wala maofisa ugani. Kenya ilishusha mfuko wa kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 za Kenya mwezi Septemba 2022, kisha hadi 2,500 mwezi Agosti 2023, ikiuza kupitia maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Mwanzoni mwa msimu wa upandaji wa 2024 iligundulika kwamba mbolea isiyo na ubora ilikuwa imepita katika maghala hayo hayo. Wakulima waliokuwa wameshaifukia chini ya mbegu hawakuwa na namna ya kuirudisha ghalani.

Faida ya ruzuku huamuliwa mwishoni na bei ya zao. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ya gunia katika mikoa ya kusini iliporomoka, na mkulima aliyenunua mbolea alipata hasara kubwa kuliko ambaye hakununua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameweka fedha shambani. Katazo hilo liliondolewa baadaye, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hununua mahindi kupitia vituo vyake katika mikoa inayozalisha, mara nyingi kwa bei nzuri kuliko ya mchuuzi. Tatizo ni muda. Kituo kikichelewa kufunguliwa, au malipo yakichukua wiki kadhaa, mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa humuuzia mchuuzi anayekuja na fedha mkononi na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo kwa bei ya gunia la kawaida. Fedha inayotoka kwenye mauzo hayo ndiyo atakayoipeleka kwa wakala mwezi Novemba, na hata bei ya ruzuku huenda isimpe zaidi ya mfuko mmoja.